Sifongo, chaza na dawa za saratani: sumu ya baharini hutengenezwa na nani?

#1 BintiKilwa (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Uzi huu ni mrefu, mwenye chai aiweke karibu.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa wodi ya watoto wenye saratani ya damu. Dawa niliyoishika mara nyingi kuliko zote humo ndani inaitwa sitarabini. Ukikinyanyua kichupa chake kwenye mwanga wa dirisha huoni rangi wala chembe, utadhani ni maji ya kuchanganyia sindano. Lakini kwa ajili ya maji hayo unavaa gauni, barakoa na glovu mbili mbili, kwa sababu yakikudondokea si ya mchezo.

Siku moja mama wa mtoto mmoja, mwenyeji wa Mafia, alikuwa ananitazama navuta dawa ile kwenye bomba la sindano. Akauliza, "Nesi, hii inatokana na mti gani?" Nikamwambia sijui, na nikaona aibu, maana nilikuwa nimeshawapa watoto dawa hiyo mara nisizoweza kuhesabu. Usiku nikakaa nikasoma. Asubuhi nikamfuata kitandani kwa mwanawe: "Mama, si mti. Walianzia kwa sifongo, yule wa baharini." Akanikazia macho. "Hawa wanaotupwa ufukweni na mawimbi ya kusi?" Nikamwambia ndiyo, jamaa yao.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za viumbe hawa kila nikipata nafasi, na leo nimeamua kuwaletea.

Wengi mnamwita sponji. Wasomaji wa Biblia wanalijua neno sifongo kwenye Mathayo 27, pale mmoja alipoichukua akaijaza siki. Ile ya kuogea ni mifupa tu. Sifongo mwenyewe akiwa hai ni mnyama, amejishika kwenye mwamba, hana mdomo wala jicho wala mguu. Mwili wake wote ni vitundu: maji yanaingia huku, yanatoka kule, naye anachuja humo chakula chake. Sasa fikiria maisha yake. Hawezi kukimbia, hawezi kujichimbia. Matumbawe na mwani vinamgombania nafasi juu ya mwamba, samaki wanamdokoa, ng'amba wanamla. Amebaki vipi hai miaka mamilioni? Kwa kemikali. Mwili wake umejaa vitu vichungu, vya kuwasha, vya kuua bakteria, vya kuzuia seli za jirani zisikue zikamfunika.

Mwaka 1945 mkemia wa Chuo Kikuu cha Yale, Werner Bergmann, alipata sifongo mmoja kwenye maji ya kina kifupi huko Florida. Walipomkausha na kumchemsha kwenye asetoni, fuwele zikajitenga zenyewe. Bergmann na mwenzake Robert Feeney wakatangaza matokeo mwaka 1950 na 1951: ndani ya sifongo yule kulikuwa na matofali ya vinasaba, ila yana kasoro ya ajabu.

Naomba nilieleze hili taratibu, maana ndipo penyewe. DNA yetu imejengwa kwa matofali ya aina nne, na kila tofali lina kipande cha sukari. Matofali ya sifongo yule yalikuwa na sukari nyingine, arabinosi, inayofanana na ile ya kawaida isipokuwa kijipande kimoja kimegeukia upande wa pili. Seli inapotaka kugawanyika hukusanya matofali kwa haraka. Ikikutana na tofali la namna hii hailitambui, inalipachika ukutani, na ujenzi unakwama hapo hapo. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakatengeneza mwaka 1959 tofali lao kwa mfano huo. Ndiyo sitarabini. Marekani iliipitisha mwaka 1969, na leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Seli za saratani ya damu zinagawanyika kwa pupa, ndiyo maana zinaumia kuliko nyingine. Seli za utando wa mdomo nazo zinagawanyika upesi, ndiyo maana watoto wetu wanatoka vidonda mdomoni na kukataa hata uji.

Nitaendelea na sifongo mwingine, mweusi wa Japani, ambaye habari yake ndiyo hasa iliyonifanya nifungue uzi huu. Karibuni kwanza na maswali.

#2 Baharia_Tanga

Dada umetisha. Mimi niko baharini tangu utoto na nilikuwa najua sifongo ni aina ya mmea tu. Swali: kuna mtu aliwahi kuniambia ARV nazo zilitokana na sifongo. Kweli?

#3 BintiKilwa

Kaka Baharia, hilo linazunguka sana mtandaoni na limekaa nusu nusu.

ARV ya kwanza, AZT, ilitengenezwa maabara mwaka 1964 na Jerome Horwitz huko Marekani. Alikuwa anatafuta dawa ya saratani, haikumfaa, ikawekwa kando. UKIMWI ulipoingia wakaijaribu tena, na mwaka 1987 ikapitishwa. Kwa hiyo hakuna sifongo aliyekamuliwa akatoka AZT.

Ila wazo ni la ukoo mmoja. Kabla ya fuwele za Bergmann, wengi waliamini kwamba sukari ya tofali la DNA haiguswi, ukiibadilisha tofali halifanyi kazi yoyote mwilini. Sifongo alionyesha kwamba maumbile yenyewe yameibadilisha, na matokeo yake yana nguvu. Baada ya hapo wanakemia wakaanza kuichezea sukari hiyo kila namna. Kuna na vidarabini, ndugu wa sitarabini mwenye sukari ile ile ya arabinosi, iliyopitishwa Marekani mwaka 1976 dhidi ya virusi vya herpesi, hasa vya kwenye jicho.

Kwa hiyo ukisema sifongo alifungua njia, uko sawa. Ukisema ARV ni sifongo, hapana.

#4 MamaJambiani

Asalaam alaykum nyote. Mimi nalima spongi hapa Jambiani, Unguja. Zamani nilikuwa na mwani kama mama zetu, maji yakawa ya moto, mwani ukawa unaoza kwenye kamba, ndio nikahamia huku. Tunakata vipande kutoka kwa mzazi, tunavifunga kwenye kamba zenye maboya, tunavisafisha kila mara visiote uchafu, na baada ya miezi mingi vinakuwa vya kuuza kwa wageni.

Nataka kumuunga mkono huyu dada kwa lile la silaha. Spongi zetu za kuogea ni mpole, lakini kwenye mwamba kuna nyingine ukizigusa unawashwa mikono siku mbili, vidole vinavimba. Sie tunazijua kwa macho, hatuzigusi. Tena zinanuka. Ukizivunja harufu yake hukaa kwenye nguo.

Suala langu: hizi tunazouza, mtu anaogea, je hizo kemikali hazimdhuru?

#5 BintiKilwa

Alaykum salaam mama. Nimefurahi mno kukupata humu, wewe unawaona kila siku, mimi nawasoma tu.

Usiwe na wasiwasi. Mnapozivuna mnaziacha nyama zioze na kuondoka, kisha mnaosha na kukamua mpaka yabaki matundu matupu ya rangi ya asali. Kinachobaki ni nyuzi za protini, ile mifupa niliyoitaja. Kemikali zilikuwa kwenye nyama, zimeenda na maji. Hao wanaowawasha ni aina nyingine. Baadhi yao wana vijiti vidogo mno kama vumbi la kioo vinavyotoboa ngozi, na kemikali inaingia kupitia vitundu hivyo. Glovu nene, na msijikune.

Sasa nije kwa sifongo mweusi.

Kwenye mawe ya pwani ya Pasifiki ya Japani, maji yakipwa, anaonekana sifongo mweusi aliyetandaa kama lami iliyomwagika. Jina lake la kisayansi ni *Halichondria okadai*. Si adimu, watoto wanamkanyaga wakitafuta kaa. Mwaka 1981 watafiti walitangaza kwamba wamepata ndani yake asidi kali ya ajabu, wakaipa jina la mnyama mwenyewe: asidi okadaiki. Miaka michache baadaye Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura wakapata ndani ya sifongo huyo huyo kitu kingine kabisa, halikondrini B, kilichoua seli za saratani kwa kiasi kidogo kisichosemeka.

Mnyama mmoja, jiwe moja, vitu viwili. Kimoja kimekuwa dawa ya saratani ya matiti. Kingine, wanajamvi, ndicho kinachowaharisha watu wanaokula kome. Kabla sijaeleza hilo la pili, nimalize la kwanza.

Ili kupata miligramu 12.5 za halikondrini B, Hirata na Uemura walihitaji kilo 600 za sifongo. Chukua punje moja ya mchele mkavu uikate katikati: uzito wake ni kama huo. Kilo 600 za sifongo ni mzigo wa kujaza gari dogo, unapata nusu punje.

#6 KijanaLamu

Shikamoo dada. Mimi ni wa huku Lamu, na kaka yangu ana chombo. Kwa hesabu hiyo si ni biashara? Kama nusu punje ina thamani hivyo, tukusanye sifongo tuwauzie wazungu. Bahari yetu imejaa.

#7 BintiKilwa

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu kwa uzito wote kwa sababu umeuliza swali ambalo hata wakubwa waliliuliza.

New Zealand walifanya hivyo hivyo miaka ya 1990. Walikuwa na sifongo wa aina ya *Lissodendoryx* huko chini ya bahari karibu na rasi ya Kaikoura, naye ana halikondrini. Wakavuna tani nzima. Wakapata takriban miligramu 300. Ilitosha utafiti, lakini kwa kutibu wanawake wa dunia nzima ingebidi kukwangua sakafu ya bahari mpaka asibaki hata mmoja wa mbegu.

Aliyeokoa jahazi ni mkemia, si mzamiaji. Yoshito Kishi, Mjapani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, aliijenga halikondrini B nzima kwa mkono mwaka 1992, atomu kwa atomu. Katika kuijenga wakagundua jambo la neema: nguvu yote ya kuua saratani imo katika nusu moja tu ya molekuli ile. Nusu ya pili ni mzigo. Kampuni ya Eisai ikaichukua nusu hiyo, ikaifanyia marekebisho, ikaitengeneza kiwandani kwa hatua 62. Ikaitwa eribulini, na Marekani wakaipitisha Novemba 2010 kwa saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa.

Kazi yake ni hii. Seli inapogawanyika hutandaza nyuzi za kuvuta kromosomu kila upande. Eribulini inakaa kwenye ncha za nyuzi hizo, zisirefuke. Seli inabaki katikati ya kujigawa, haiendi mbele hairudi nyuma, mwisho inakufa. Katika utafiti wa wanawake 762 waliokuwa wameshapewa dawa nyingine nyingi, waliopata eribulini waliishi kwa wastani wa kati miezi 13.1, na waliopewa matibabu mengine miezi 10.6. Kuna atakayesema miezi miwili na nusu ni nini. Mimi nimekaa na akina mama hao. Miezi miwili na nusu ni kumwona binti akiolewa, ni kuonyesha wanao hati ya shamba ilipo. Siidharau.

Kwa hiyo mdogo wangu, biashara ya kuvuna haipo, na naomba kaka yako asishawishike na mtu atakayekuja na maneno matamu. Thamani iko kwenye ule mchoro wa molekuli, na mchoro unahitaji kipande kidogo tu, bora kiwe bado kipo kwenye mwamba siku atakapokuja wa kukitafiti, kwa kibali, na nchi ikijua kimekwenda wapi.

#8 Baharia_Tanga

Sasa hapo kwenye kome umeniacha njiani dada. Sifongo wa Japani na kuharisha kwa mtu aliyekula kome vinakutana wapi? Kome hali sifongo.

#9 BintiKilwa

Umeliona, kaka. Hapo ndipo hadithi yote ilipo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Japani kulikuwa na watu waliokula kome na chaza wazuri kabisa, wabichi na waliopikwa, wakashikwa na tumbo la kuendesha, kichefuchefu na kutapika. Takeshi Yasumoto na wenzake wakafuatilia, wakaikuta sumu ndani ya nyama ya kome, kisha wakaikuta ndani ya mwani wa seli moja unaoelea majini, ambao jicho haliuoni, wa jenasi ya *Dinophysis*. Kemikali walizozikuta humo ni asidi okadaiki na ndugu zake. Mwani mwingine wa aina hiyo, *Prorocentrum lima*, nao ukabainika kuitengeneza.

Kwa maneno mengine, sifongo mweusi hakuwa mwenye mali. Sifongo anachuja maji, kome anachuja maji, chaza anachuja maji. Wote wanameza mwani ule ule, wote wanabaki na sumu yake mwilini. Jina lilibaki la sifongo kwa kuwa yeye ndiye aliyekamatwa nayo wa kwanza.

Na si sumu hiyo peke yake. Kuna sifongo mwingine, *Theonella swinhoei*, ambaye wanakemia walimtoa vitu vingi mno hata wakashangaa mnyama asiye na kiungo anaweza vipi. Mwaka 2014 timu ya Jörn Piel ilionyesha kwamba karibu vyote hivyo vinatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, waitwao *Entotheonella*. Sifongo amewapa nyumba, wao wanampa silaha.

Mimi hili limenibadilisha mawazo kabisa. Nilikuwa nasema "sifongo ana dawa", "chaza ana sumu". Sasa nasema ndani ya maji kuna viwanda visivyoonekana, na hawa wanyama ni maghala. Ghala lina mzigo leo, kesho halina.

Namna asidi okadaiki inavyofanya kazi tumboni: ndani ya seli kuna vimeng'enya kazi yake kubandua fosfati kwenye protini, kama mkono unaozima swichi. Asidi hii inaushika mkono ule. Swichi zinabaki zimewaka, ukuta wa utumbo unaacha maji yapite, na mtu anaharisha. Kwa kawaida baada ya siku tatu amepona. Umoja wa Ulaya hauruhusu chaza kuuzwa wakiwa na zaidi ya mikrogramu 160 kwa kilo ya nyama. Na kitu hicho hicho kinachoharisha, maabara za dunia zinakinunua kwa matone kwa sababu hakuna chombo kizuri kama hicho cha kuchunguza swichi za seli.

#10 MpembaWete

Dada, kwanza shukrani. Pili, nimesoma haya moyo ukinienda mbio kwa sababu sisi Pemba tumezika. Machi 2024, Kisiwa cha Panza, watu tisa walikufa kwa kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Zaidi ya sabini walilazwa. Mwaka 2021 ilikuwa saba. Wazee wanasema kasa huliwa miaka na miaka, mara siku moja anaua. Je ni habari hiyo hiyo ya ghala?

#11 BintiKilwa

Mola awarehemu, na awape subira wazazi wale.

Ndiyo, wataalamu wanaiweka katika mlango huo huo: sumu inatokana na alichokula kasa. Tena ng'amba chakula chake kikuu ni sifongo, tumbo lake hukutwa limejaa vijiti vya kioo vya sifongo. Ndiyo maana kasa wa jana hakuwa na neno na wa leo anaua, na kumtazama hakukusaidii. Hakuna dawa ya kuipindua sumu hiyo. Wanaoumia zaidi ni watoto, pamoja na wanaonyonya, kwa kuwa inapita kwenye maziwa ya mama. Kasa aachwe, haina majadiliano.

Kwa chaza na kome, sumu ninayoiogopa si ya kuharisha. Ni saksitoksini. Jina hilo limetokana na kombe mkubwa wa Alaska, *Saxidomus*, lakini mtengenezaji, kama mnavyotegemea sasa, ni mwani wa seli moja. Inaziba milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Mishipa haipitishi habari. Inaanza na midomo kuwasha washa na kufa ganzi, mara nyingi ndani ya nusu saa, kisha vidole, kisha miguu inalegea, na ikifika kwenye misuli ya kupumua mtu anakufa huku akili yake ni timamu.

Tarehe 15 Juni 1793, mabaharia wa nahodha George Vancouver walikula kome kwa kifungua kinywa kwenye pwani ya magharibi ya Kanada. Mmoja wao, John Carter, alifariki mchana wa siku hiyo. Ghuba ile mpaka leo kwenye ramani inaitwa Ghuba ya Sumu.

Kanada tena, upande wa pili wa nchi, mwaka 1987: kome wa Kisiwa cha Prince Edward waliwaumiza watu 107, 19 wakalazwa, watatu wakafariki. Baadhi ya walionusurika walipoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Aliyehusika ni asidi domoiki, na aliyeitengeneza ni mwani mwingine mdogo, *Pseudo-nitzschia*. Asidi hiyo Wajapani walikuwa wameshaijua miaka mingi kabla, waliitoa kwenye gugu la baharini ambalo watu wao walilitumia kuua minyoo ya tumbo. Kiasi kidogo, dawa ya minyoo. Kiasi kikubwa ndani ya kome, kumbukumbu inafutika.

#12 Baharia_Tanga

Huku kwetu kuna wanaosema ndimu na pilipili vinaua sumu ya chaza. Wengine wanasema ukichemsha sana basi.

#13 BintiKilwa

Hapana, kaka. Ndimu haifanyi kitu. Sumu hizi tatu zinastahimili moto wa jikoni. Ukichemsha, sana sana unahamishia sehemu ya sumu kwenye mchuzi. Hazina harufu, hazina ladha, na chaza mwenyewe yuko mzima anafunga gamba lake kama kawaida. Bibi yangu Kilwa alikuwa akitupeleka pwani wakati wa bamvua, ndoo na kisu, akitufundisha kumtambua chaza mfu kwa gamba lililoachama. Somo lile ni sahihi kwa chaza aliyeoza. Kwa saksitoksini halisaidii. Nchi zinazokula sana chaza zinapima: Ulaya mpaka wao ni mikrogramu 800 za saksitoksini kwa kilo, ukivuka, eneo linafungwa mpaka kome wajisafishe. Kome husafika kwa wiki chache, yule kombe wa Alaska anaweza kubaki nayo hata miaka miwili.

Mtu akila chaza na midomo ikaanza ganzi, msingoje. Si maziwa, si mkaa, ni hospitali mara moja, na mchukue mabaki ya chakula. Hakuna dawa ya kuiondoa, lakini akisaidiwa kupumua kwa mashine kwa saa kadhaa mwili unaitoa wenyewe kwa mkojo na mtu anasimama. Tofauti kati ya kufa na kupona ni hewa.

#14 KijanaLamu

Dada samahani kwa swali la mwisho. Sisi tunaokota makombe tunawauzia watalii. Yale ya umbo la koni yenye michoro mizuri, wazee wanasema ni mabaya. Ni ya kundi hili?

#15 BintiKilwa

Wazee wako wasikilize. Huyo ni konokono mwindaji na sumu yake, tofauti na za chaza, anaitengeneza mwenyewe. Ana jino kama chusa, analirusha, samaki anaganda hapo hapo. *Conus geographus* yumo kwenye bahari yetu na ameshaua watu. Akiwa hai usimshike upande wowote, mrija wake unafika mbali kuliko unavyodhani, na usimtie mfukoni.

Lakini sikia na la pili. Baldomero Olivera, mkemia aliyezaliwa Ufilipino ambako makombe hayo watu wanayajua vizuri, alianza kuzipambanua sumu zao moja moja. Mwanafunzi aliyefanya kazi kwenye maabara yake huko Utah, Michael McIntosh, akapata moja kutoka kwa *Conus magus* inayofunga milango ya kalsiamu kwenye mishipa inayobeba maumivu. Imekuwa dawa, zikonotaidi, ilipitishwa Desemba 2004. Inaingizwa kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo, kwa wagonjwa ambao hata mofini imeshindwa. Haileti uraibu.

Na kwa kuwa tuko Bahari ya Hindi, niongeze huyu: mwaka 1972 timu ya George Pettit wa Arizona ilikusanya karibu na Morisi kiumbe laini, ndugu wa konokono, *Dolabella auricularia*, anayetambaa kwenye majani ya bahari na ukimshika anatoa wino wa zambarau. Wakachukua miaka kumi na mitano kupata umbo la kemikali yake. Mfano wake wa maabara ndio uliofungwa kwenye kingamwili kuwa dawa ya saratani ya tezi ya Hodgkin, mwaka 2011. Na baadaye ikaonekana kwamba naye alikuwa ghala tu: kemikali ile inatengenezwa na bakteria wa kijani anaowala.

#16 Mchambuzi77

Nimesoma wote. Nina ushuhuda mchungu. Shangazi yangu alikuwa na uvimbe wa titi, akauziwa na mtu "unga wa sifongo wa bahari" kwa laki kadhaa, akaacha kliniki miezi minne. Muuzaji alimwambia wazungu nao wanatumia.

#17 BintiKilwa

Pole sana ndugu. Hicho ndicho ninachokiogopa kila nikizungumza habari hizi.

Sifongo aliyesagwa aliwahi kutibu kitu kimoja kikweli: rovu. Ulaya ya zamani walichoma sifongo wakawanywesha majivu wenye tezi la shingo, na wengi walipata nafuu kwa sababu sifongo ana ayodini. Ayodini ilipogunduliwa mwaka 1811, daktari Coindet wa Geneva akaanza mwaka 1820 kuitoa yenyewe badala ya majivu. Leo kazi hiyo inafanywa na chumvi ya ayodini ya dukani.

Kwa saratani, fanya hesabu ya kilo 600. Mtu mzima hupewa eribulini miligramu mbili na kitu kwa sindano moja, ambazo kwa sifongo mweusi ni zaidi ya kilo mia moja, tena yule wa Japani hasa, na usafishwe usibaki na asidi okadaiki. Kijiko cha unga hakina dawa hiyo. Mrudishe shangazi kliniki kesho, aseme ukweli wote alichokunywa, hakuna atakayemlaumu. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze pa kuanzia.

#18 MamaJambiani

Nimemsomea mama mkwe uzi wote, yeye hana simu. Kanyamaza kitambo, kisha kauliza: "Basi yule mwekundu anayetuwasha pale mwamba wa mbele, yeye kaweka nini?" Bamvua linaanza keshokutwa. Nitampiga picha niilete hapa.

#19 BintiKilwa

Mpe shikamoo yangu. Kwenye picha weka kitu kando yake tujue ukubwa, hata ndala, na umpige bila kumgusa. Andika na kina cha maji yakipwa. Nangoja.